UZI: Mafundi baiskeli wawili walivyoiunda ndege ya 1903. Injini ilikuja mwisho

#1 Fundi Spoku

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Shinyanga, huu mwaka wa kumi na tisa. Wiki iliyopita kijiweni kwetu ilizuka mada ya ndege. Jamaa mmoja akasema wale ndugu Wright wa Marekani walibahatisha tu: walichukua tiara kubwa, wakaifunga injini, ikaruka, basi wakaingia vitabuni. Nilijibu maneno mawili nikanyamaza, ila usiku usingizi haukuja vizuri. Habari za Wilbur na Orville nazisoma kwa miaka mingi, na nawaheshimu kama mtu anavyomheshimu fundi aliyemtangulia kwenye kazi yake mwenyewe. Maana ndiyo kazi waliyokuwa nayo. Walikuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, jimbo la Ohio. Waliuza, walitengeneza za wateja, na kuanzia 1896 wakawa wanaunda za kwao wenyewe.

Ninachotaka kusema ni hiki: tangu 1899 hadi mwisho wa 1902 hawakugusa injini ya ndege. Ndege ilikuwa imeshapatikana kabla ya tone la petroli kumwagwa. Naomba tulizungumze hilo kwa kituo.

Miaka ile wengi walikuwa wanawaza nguvu. Kule Washington, Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian, alipewa na wizara ya vita dola 50,000, na sehemu kubwa ya akili yake aliiweka kwenye injini. Kule Ujerumani, Otto Lilienthal yeye alijivika mabawa akawa anaruka kutoka vilimani, akiyumbisha kiwiliwili huku na huku ili asipinduke. Agosti 1896 upepo ukamzidi, akaanguka, akafa siku ya pili. Ndugu Wright walisoma habari za kifo kile na swali likawakaa: huyu bwana alikuwa na mabawa yanayobeba, kilichomwangusha ni nini? Jibu lao: hakuwa na usukani. Mwili wa mtu ni mzigo mdogo mno kuutegemea uzuie mabawa makubwa yasipinduliwe na upepo.

Hapa ndipo baiskeli inapoingia. Watu wengi waliokuwa wakibuni ndege walitaka chombo kinachotulia chenyewe, kama mkokoteni barabarani. Fundi baiskeli anajua kuna chombo ambacho ukikiacha kinaanguka, na bado mtoto wa miaka saba anakiendesha, kwa sababu mpanda ndiye anayekisimamisha kila nukta. Na anajua kwamba kona haikatwi kwa kugeuza usukani peke yake. Unailaza baiskeli upande unaokwenda. Wilbur aliwatazama ndege wa angani akaona ni hivyo hivyo: wanalala upande mmoja wanapogeuka, na wanapotaka kusimama sawa wanazungusha ncha za mabawa.

Sasa utalizungushaje bawa la mbao bila kulivunja? Julai 1899 Wilbur alikuwa dukani anaongea na mteja, mkononi ana boksi jembamba la tyubu, lile la karatasi ngumu, ncha zake mbili ziko wazi. Akawa analipinda bila kufikiri, upande huu juu, upande ule chini. Akaona boksi linajipinda lote ila halipotezi umbo. Mabawa mawili, moja juu ya jingine, yakiunganishwa kwa nguzo na waya kama boksi lile, yangeweza kupindwa vile vile kwa kamba. Akaunda tiara ya mabawa mawili, upana wa mita 1.5, akaenda kuirusha. Ukivuta kamba hivi inalalia kulia, ukivuta vile inalalia kushoto.

Nitaendelea kesho nikifunga karakana.

#2 Mwl wa Fizikia

Fundi, nimepiga kambi hapa. Na mimi niko hapa hapa Shinyanga, nafundisha kidato cha tatu na cha nne.

Niongezee kwa wanaouliza bawa likipindwa kunatokea nini. Bawa linakutana na upepo kwa pembe fulani. Ukiongeza pembe hiyo kidogo kwenye ncha ya kulia, kani ya kunyanyua inaongezeka kulia. Ukiipunguza kushoto, inapungua kushoto. Chombo kinapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, basi kimelala. Ukitaka kulihisi, toa mkono dirishani basi likiwa kwenye mwendo, kiganja bapa, kisha inua kidole gumba kidogo. Ila kuna gharama inayokuja pamoja na kunyanyua, na najua fundi atafika huko, kwa sababu nusura iwashinde.

#3 Bi Cherehani

Fundi, mimi ni mshonaji, nauliza la kwetu. Hayo mabawa yalifunikwa na kitambaa gani? Na nani alishona?

#4 Fundi Spoku

Dada yangu, swali zuri, na nitaanza nalo leo.

Mwaka 1900 waliamua kuunda glaida, yaani ndege isiyo na injini, ya kumbeba mtu. Walitafuta sehemu yenye upepo wa kudumu, mchanga laini wa kuangukia, na isiyo na miti. Wilbur akaandika kwa idara ya hali ya hewa, na mwisho wakachagua Kitty Hawk, ufukweni mwa North Carolina, kijiji cha wavuvi na waokoaji wa meli. Aliyewapokea ni William Tate, familia yake ndiyo iliyokuwa ikiendesha posta pale.

Wilbur alitangulia. Njiani alitafuta mbao za sprusi za futi 18 kwa ajili ya miimo ya mabawa, hakupata, akanunua za futi 16. Basi mabawa yakapungua, na kitambaa alichokuja nacho kimeshonwa tayari kikawa kikubwa. Aliomba cherehani ya mke wa Tate, akakaa mwenyewe akakata na kushona upya. Glaida ile ilipochakaa waliiacha palepale mchangani, na mama Tate akachukua kitambaa chake akawashonea binti zake magauni.

Ndege ya 1903 ilivalishwa pamba isiyotiwa rangi, aina ya kitambaa ambacho bibi zetu wa pwani wangekiita merikani. Walikiweka mshazari, nyuzi zikikata miimo kwa pembe, ili kikivutwa kikaze mabawa kama waya zinavyokaza. Wewe mshonaji unajua kitambaa kilichokatwa mshazari kinavyotii mwili. Wao walikitumia kama kiungo cha fremu. Hakikupakwa rangi wala gundi.

Glaida ya 1900 ilibeba kidogo kuliko walivyotarajia, kwa hiyo muda mwingi waliirusha kama tiara na kumpandisha mtu mara chache. Wakarudi nyumbani, maana msimu wa baiskeli ndio uliokuwa unawalisha.

#5 Fundi Spoku

Naendelea. Sehemu hii nitaandika kwa urefu; ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Mwaka 1901 walirudi na glaida kubwa zaidi, upana wa mita 6.7. Eneo la mabawa walilikokotoa kwa majedwali ya Lilienthal, na kwa namba ya shinikizo la hewa ambayo wahandisi waliitumia tangu John Smeaton wa Uingereza aitaje mwaka 1759: 0.005. Kila kitu kilifuata kitabu. Wakairusha. Ikabeba kama theluthi moja tu ya hesabu. Juu ya hapo, walipopinda mabawa ili kugeuka, mara nyingine ilianza kugeuka vizuri halafu ikazungukia upande wa kinyume. Wilbur alijeruhiwa usoni. Agosti wakafunga mizigo, na njiani Wilbur alimwambia mdogo wake kwamba binadamu hataruka katika uhai wao.

Watu wengi tungeishia hapo, maana kulaumu mwongozo ni rahisi kuliko kuupima upya. Wao waliingia karakana.

Jaribio la kwanza walilifanya juu ya baiskeli. Walichukua rimu ya tatu wakailaza mbele ya usukani, izunguke bapa kama sahani. Kwenye rimu wakasimamisha vipande viwili: kimoja kibao bapa kinachokabili upepo moja kwa moja, kingine bawa dogo lililopinda. Ukikanyaga kwa kasi, upepo unasukuma vyote viwili, kila kimoja kikitaka kuzungusha rimu upande wake. Kwa jedwali la Lilienthal, bawa likiwekwa kwa pembe ya digrii 5 lingelingana nguvu na kibao, rimu itulie. Haikutulia. Ilibidi bawa liinamishwe hadi digrii 18.

Kwa hiyo wakajua kuna namba ya uongo, ila hawakujua ni ipi. Upepo wa barabarani hautulii, na mpanda baiskeli naye hatulii. Wakaunda sanduku la mbao, urefu futi 6 (mita 1.8), mdomo wake inchi 16 kwa inchi 16. Upande mmoja feni, inayozungushwa na injini ya karakana kwa mkanda. Juu kioo cha kuchungulia. Ndani waliweka mizani mbili walizozitengeneza kwa vipande vya misumeno ya chuma na waya wa spoku.

Wakuu, nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliinuka nikaenda kulitazama debe langu la mabaki. Misumeno iliyokatika ninayo, spoku zilizopinda ninazo. Mizani iliyompa binadamu anga ilitoka kwenye debe la namna hiyo.

Mabawa ya majaribio walikata bati kwa mkasi, wakalipinda kwa nyundo, mengine wakaongezea nta. Walipima maumbo kama 200 kwa haraka haraka, kisha wakachagua kadiri ya 40 na zaidi wakayapima kwa utaratibu, pembe baada ya pembe, kuanzia Oktoba hadi Desemba 1901. Mtu mwingine haruhusiwi kusogea karibu wakati wa kupima, hata kiti kisihamishwe, maana kitu kikisogea chumbani upepo wa sandukuni unabadilika.

Wakapata mambo mawili. La kwanza, ile 0.005 ilikuwa kubwa mno; ya kweli ni kama 0.0033. La pili, bawa refu jembamba linabeba vizuri kuliko fupi pana lenye eneo lile lile. Lilienthal wa watu, kwa bawa lake mwenyewe, hakuwa amekosea sana. Jedwali lake lilikuwa limetumiwa kwenye mabawa ambayo si yake.

#6 Mwl wa Fizikia

Naomba nisimame hapo kwenye mizani, kwa sababu ina akili ambayo wengi hawaioni.

Kupima kani ya kunyanyua kwa kilo ungelazimika kujua kasi kamili ya upepo sandukuni, na msongamano wa hewa ya siku hiyo, na namba ya Smeaton yenyewe ambayo ndiyo inashukiwa. Wao hawakupima kilo. Mizani yao iliweka bawa juu, na chini yake vibao bapa vidogo vinavyokabili upepo ule ule. Bawa linavuta mkono wa mizani upande, vibao vinaurudisha, na mshale unaonyesha pembe ambapo vimelingana. Unachosoma ni uwiano. Feni ikilegea kidogo, vyote viwili vinalegea pamoja na mshale haubadiliki. Swali lilipangwa hivi kwamba wasichokijua kikajifuta chenyewe. Hawa ni watu ambao hawakuwa hata na cheti cha sekondari, na nimeshawaeleza wanafunzi wangu hivyo.

#7 Fundi Spoku

Ahsante mwalimu. Mimi nisingelieleza hivyo.

Glaida ya 1902 ilitoka kwenye sanduku lile. Upana mita 9.8, kina cha bawa mita 1.5 tu. Ilibeba kama hesabu ilivyosema. Nyuma waliweka mkia wa wima, vipande viwili visivyogeuka, ili kuzuia ule ugonjwa wa kuzungukia upande usiotakiwa.

Gharama aliyoitaja mwalimu ndiyo hii. Ncha ya bawa unayoinyanyua inashika hewa zaidi, kwa hiyo inabaki nyuma, na pua inageukia upande mbaya. Mkia ulisaidia mara nyingi. Lakini ikitokea chombo kimelala sana na kimeanza kuserereka kuelekea bawa la chini, mkia ule ule ulipigwa na upepo wa ubavuni ukazidi kukizungusha. Ncha ya bawa ikachimba mchanga. Wenyewe walisema wamechimba kisima.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Oktoba Orville alikunywa kahawa nyingi, usingizi ukagoma. Akalala macho akiifuatilia safari moja akilini, hadi akaona: mkia unatakiwa ugeuke. Asubuhi, kwenye kifungua kinywa, akasema. Wilbur akafikiri kidogo akaongeza lake: kamba za mkia zifungwe kwenye kamba za kupinda mabawa, rubani akisukuma kiuno upande mmoja vyote viwili vifanye kazi kwa pamoja. Maana rubani alilala kifudifudi ndani ya kitanda cha mbao, na kiuno chake ndicho kilichovuta kamba. Mkononi ana mtambo wa usukani wa mbele, wa kupanda na kushuka.

Pua juu na chini, mabawa kulala na kusimama, mkia kulia na kushoto. Hadi leo ndege ya abiria inayotua Mwanza inaendeshwa kwa hayo hayo matatu. Msimu ule waliruka kati ya mara 700 na 1,000, safari ndefu kuliko zote mita 190, sekunde 26. Ndege ilikuwa imekamilika. Ilikosa kinachoisukuma.

#8 Mpenda Vyuma

Fundi sasa lete injini. Mimi ni fundi wa pikipiki, nimesubiri tangu post ya kwanza.

#9 Fundi Spoku

Haya mkuu.

Waliandikia viwanda kadhaa wakitaka injini ya nguvu farasi 8 au 9, isiyozidi kilo 80 hivi. Hawakupata. Wakamgeukia fundi wao wa dukani, Charlie Taylor, ambaye injini hakuwa amewahi kuiunda. Alikuwa na mashine ya kukerezea na ya kutobolea, basi. Michoro yao ilikuwa vipande vya karatasi ambavyo alivitundika juu ya meza yake. Kranki aliitoa kwenye bamba zima la chuma: alichora umbo, akatoboa matundu yaliyofuatana kandokando ya mchoro, akagonga kwa nyundo na patasi hadi ziada ikadondoka, kisha akakereza. Bloku ilimiminwa kwa aluminiamu. Wiki 6. Silinda 4, inapozwa kwa maji, nguvu farasi 12.

Kabureta hakuna. Petroli inatiririka kwenye kikopo juu ya injini, inapakaa kwenye chuma cha moto, inageuka mvuke, inavutwa ndani. Kupunguza au kuongeza moto hakuna. Ikiwaka imewaka. Februari 1903 wakiwa wanaijaribu petroli iliingia kwenye beringi, zikakwama, bloku ikapasuka. Ikabidi wamimine nyingine.

Pangaboi, zile za kuisukuma ndege, ndizo zilizowatesa kichwa. Walidhani wataazima elimu ya meli, wakakuta wahandisi wa meli wanajaribu tu hadi ikubali. Wakakaa kubishana, jioni baada ya jioni, kwa sauti hadi Taylor anawasikia. Na mara nyingine, baada ya saa nzima, kila mmoja alijikuta amehamia upande wa mwenzake na ubishi unaendelea. Mwisho wakaelewana kwamba pangaboi ni bawa linalozunguka, na namba za bawa wanazo tayari kutoka sandukuni. Walichonga mbili, kipenyo mita 2.6, kwa mbao za sprusi zilizogandishwa kwa tabaka. Zilizopimwa miaka ya karibuni kwa kuchongwa upya zilizidi asilimia 70 kwa ufanisi. Kwa kitu kilichochongwa kwa mkono kwa macho na kipimo cha bati, mimi hilo linaniliza.

Pangaboi mbili lazima zizunguke kinyume, la sivyo zinaivuta ndege upande. Injini ni moja. Mpenda Vyuma, ungefanyaje? Wao walitumia cheni na sproketi kama za baiskeli. Cheni ya kulia inakwenda kawaida. Ya kushoto waliikunja ikapishana katikati kama namba nane, ndani ya mabomba ili zisikwaruzane.

#10 Mpenda Vyuma

Kukunja cheni nane! Nimekaa na hilo dakika kumi. Ni sawa kabisa, alimradi iwe ndefu na bomba liishike. Endelea mkuu.

#11 Fundi Spoku

Septemba 1903 wakasafiri na kila kitu kwenda Kitty Hawk, vilima vya mchanga vya Kill Devil. Upana wa mabawa mita 12.3, uzito karibu kilo 340 pamoja na rubani. Rubani alilala kushoto, injini kulia kwake, na kwa kuwa injini ilimzidi uzito, bawa la kulia walilirefusha inchi 4. Mpango ulikuwa kuruka mwanzo wa Novemba.

Novemba 5 wakawasha injini kwa mara ya kwanza ikiwa imefungwa ndegeni. Ilikohoa, ikapiga mishtuko, ikazipinda shafti za pangaboi, zilizokuwa za bomba. Zikarudishwa Dayton. Tarehe 20 zikafika, wakafunga, sproketi zikaanza kulegea. Kaza, zinalegea. Kaza tena kwa bomba refu, zinalegea. Wakachukua gundi ya kubandikia tairi za baiskeli, wakaimimina kwenye nyuzi za sproketi. Zikashika. Nyie mnaofanya kazi hii mnajua furaha ya hapo. Tarehe 28 wakagundua shafti moja ina ufa.

Orville akapanda treni kurudi nyumbani, kutengeneza nyingine za chuma kigumu kilichojaa, bila tundu. Kabla hajarudi, Desemba 8, ndege ya Langley ilirushwa kutoka juu ya boti mtoni Potomac ikavunjika na kuzama, mara ya pili kwa mwaka huo. Orville alifika Desemba 11 na shafti zake.

Tarehe 14 walirusha sarafu, Wilbur akashinda. Reli ya mbao ya futi 60 iliwekwa mteremkoni, ndege juu ya kigari kinachokwenda kwa habu za baiskeli. Ikaondoka, Wilbur akainua pua kupita kiasi, ikakosa kasi, ikashuka mchangani baada ya sekunde 3 na nusu. Hawakuihesabu. Siku mbili za matengenezo.

Alhamisi tarehe 17, baridi, madimbwi yameganda, upepo kilomita 40 na zaidi kwa saa. Watu wazima wenye busara wangengoja. Walikuwa wameahidi nyumbani kurudi Krismasi. Safari hii reli iliwekwa tambarare. Walikuwepo watu watano tu: watatu wa kituo cha uokoaji, mfanyabiashara mmoja wa mbao na kijana wa kijijini. Mmoja wa waokoaji, John Daniels, aliwekwa nyuma ya kamera ya Orville, akaambiwa abonyeze kipira ndege ikinyanyuka. Saa 4 na dakika 35 asubuhi Orville alifungua waya iliyoizuia ndege. Wilbur akakimbia pembeni akiishika ncha ya bawa mpaka ikamwacha. Sekunde 12, mita 36 na nusu. Daniels alibonyeza.

Wakaruka mara tatu tena, kwa zamu. Ya nne, ya Wilbur, ilikuwa sekunde 59, mita 260. Kisha wakiwa wamesimama wanaizungumza, upepo ukaipindua. Daniels akaing'ang'ania, ikamzungusha ndani ya waya na mbao. Akatoka na michubuko. Ndege haikuruka tena kamwe.

Kazi nzima, nauli zikiwemo, iliwagharimu chini ya dola 1,000.

#12 Msomaji wa Usiku

Fundi, nakuheshimu, lakini kuna hoja. Kule Brazili wanasema wa kwanza ni Santos-Dumont, Paris, 1906, mbele ya umati na waamuzi. Wright walikuwa mafichoni, wakatumia mtambo wa kurushia. Tuseme nini?

#13 Fundi Spoku

Mkuu, hoja ni ya haki. Alberto Santos-Dumont aliruka mita 60 Oktoba 23, 1906, na mita 220 Novemba 12, kwa magurudumu yake mwenyewe, hadharani. Huyo ni jasiri na simpunguzii chochote.

Mtambo wa kurushia, ule mnara wenye uzito unaoporomoka, Wright walianza kuutumia Septemba 1904, kwenye malisho ya Huffman karibu na Dayton, kwa sababu kule upepo ni dhaifu. Desemba 1903 haukuwepo. Ilikuwa reli tambarare na upepo wa mbele. Na Septemba 20, 1904 Wilbur alizunguka duara kamili akarudi alikoanzia. Oktoba 5, 1905 alikaa hewani dakika 39, kilomita 38 na zaidi, akizunguka juu ya malisho yale hadi petroli ikaisha. Hapo bado ni mwaka mmoja kabla ya Paris. Mimi kipimo changu ni kona. Chombo kinachoweza kukata kona na kurudi kwa mwenyewe ndicho ndege.

Nikubali na hili: ile ya 1903 ilikuwa ngumu sana kuiendesha, pua ilipanda na kushuka kama mashua. Miaka mia baadaye, Desemba 17, 2003, nakala yake ilipelekwa palepale, mvua ikanyesha, upepo ukawa mdogo, haikunyanyuka.

#14 Nahodha wa Kilindoni

Salaam kutoka Mafia. Niwaunganishie na kwetu. Mwaka 1915 Waingereza waliweka kiwanja cha ndege hapa kisiwani, ili waitafute manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Ndege zilielekeza mizinga ya meli kutoka juu, na Julai 11 manowari ikaisha. Zilikuwemo za aina ya Caudron G.3. Fundi, hizo ziligeuzwaje?

#15 Fundi Spoku

Nahodha, umenipa zawadi. Caudron G.3 ilipindwa mabawa kwa waya. Miaka 11 na nusu baada ya Kitty Hawk, boksi la tyubu lilikuwa linapaa juu ya mikoko ya Rufiji. Nilikuwa sijaunganisha hayo mawili.

#16 Mwl wa Fizikia

Wakuu, ripoti. Jumamosi tumefanya jaribio la rimu ya tatu na wanafunzi. Tulifunga rimu ya mbele ya baiskeli ya kawaida juu ya kapu la mbele, ilale bapa. Kibao bapa tulikata kwenye bati la debe, na bawa tukalikunja kwa kuligonga juu ya chupa. Pembe digrii 5.

Mwendo mdogo hakuna kinachotokea. Tukampata kijana wa kidato cha tatu mwenye miguu, akashuka nayo mteremko wa barabara ya kiwandani. Rimu ilizunguka upande wa kibao, mara nne kati ya nne. Binti mmoja akauliza kama ni pembe ndogo au ni rimu inakwaruza. Hilo ndilo swali. Tukainua baiskeli, tukazungusha rimu kwa kidole: inakwaruza kweli, habu imekauka. Kwa hiyo nimewaambia matokeo yetu hayajasimama.

Fundi, una beringi za habu ya mbele za kutuazima? Tunataka kurudia kesho, digrii 5, kisha 10, kisha 18.

#17 Fundi Spoku

Ninazo mwalimu. Njooni kabla ya saa tatu asubuhi, na huyo binti aje. Leteni rimu yenyewe, nitainyoosha palepale, maana ikiyumba nayo itawadanganya.